Mguu wa Timazi

Methali nyingine husemwa mpaka zikachakaa, na watu wakazitamka bila kuzisikiliza. "Mgonjwa haulizwi uji" ni mojawapo. Hakuna asiyeijua, na bado karibu kila mtu akiingia chumbani kwa mgonjwa, jambo la kwanza analofanya ni kuuliza: utakula? Akijibiwa hapana, anatoka zake akijiona mwungwana. Wahenga hawakuisema methali hiyo kwa kukosa adabu. Walijua kwamba mwenye shida iliyo wazi hangojewi aseme ana shida, kwa sababu mara nyingi aibu au kiburi humfumba kinywa. Anayetaka ushahidi na asikilize kisa cha mwashi mmoja na mkewe.

Mwashi huyo alikuwa nyapara wa kikosi cha wajenzi, na vijana wake walimwita Timazi, kwa jina la ule uzi wenye kipande cha chuma ambao mafundi huutumia kupima kama ukuta umesimama wima. Jina lilimkaa. Alikuwa mtu mnyoofu asiye na maneno mengi, na ukuta ukipinda aliubomoa hata kama jua limeshazama na watu wameshanawa mikono. Tena alikuwa na desturi moja isiyobadilika. Chakula cha mchana kilipofika kwenye jengo, hakukigusa mpaka kibarua wa mwisho awe amepakuliwa. Sufuria ikiisha kabla ya zamu yake, alisema ameshiba, akanywa chai ya rangi, akapanda tena jukwaani. Vijana walimheshimu kwa hilo. Nao, kusema kweli, walikula bila wasiwasi, maana neno la Timazi halikuwa na kona.

Mkewe alikuwa mhudumu mkuu katika mkahawa wenye wateja wengi na wenye haraka. Alikuwa hodari, na kanuni yake ilikuwa moja tu: mteja huulizwa, husikilizwa, kisha huletewa alichoagiza, si pungufu wala zaidi. Mhudumu mgeni aliyethubutu kumwekea mtu supu ambayo hakuiomba alivutwa pembeni na kupewa somo. "Usimlishe mtu kwa macho yako," alimwambia. "Tumbo ni lake." Hivyo ndivyo alivyoishi hata nyumbani. Yeye huuliza, mumewe hujibu, na katika miaka yote ya ndoa yao hawakuwahi kugombana kwa sababu ya sahani.

Siku ya balaa, ubao mmoja wa jukwaa ulikuwa umepasuka upande wa chini, mahali pasipoonekana. Timazi alipoukanyaga ulikatika. Alianguka kutoka ghorofa ya pili, akatua juu ya rundo la matofali. Mguu wa kulia ulivunjika chini ya goti, na mfupa wa muundi ukachungulia nje ya ngozi. Vijana walimlaza juu ya mlango uliokuwa ukingoja kupachikwa, wakambeba mbio mpaka barabarani. Njia nzima hakulia. Aliuliza tu kama zege la juu limeshamwagiwa maji.

Hospitalini, daktari wa mifupa alifanya kazi yake kwa ustadi. Alisafisha jeraha, akaunganisha mfupa kwa bamba la chuma na skrubu, akaishona ngozi. Kabla ya kumruhusu mgonjwa arudi nyumbani aliwaita mume na mke, akawaonyesha picha ya eksirei.

"Fundi, wewe ni mjenzi, utanielewa," alisema. "Hili bamba ni kama zile mbao mnazofungia zege. Linashikilia tu, halijengi. Zege lenyewe ni chakula chako. Kula vizuri, mfupa ushike na kidonda kifunge."

Timazi alitikisa kichwa kwa heshima. Alikuwa ameelewa kila neno. Lakini kuelewa ni jambo moja na kutenda ni jingine, na yeye alikuwa na hesabu zake kichwani ambazo hakumwambia daktari.

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili. Kitanda kilisogezwa chumba cha mbele karibu na dirisha, mguu ukawekwa juu ya mito, na maisha mapya yakaanza. Kila alfajiri, kabla ya kwenda kazini, mkewe alisimama mlangoni amevaa sare yake na kumwuliza atakula nini. Chai inatosha, alijibu. Na mkate? Kipande kimoja. Mchana je, nikuachie maharage? Usijisumbue, nitakuwa bado nimeshiba. Naye akamletea chai na kipande kimoja cha mkate, akaufunika vizuri, akaenda zake na moyo mweupe. Jioni aliuliza tena, akajibiwa yale yale. Siku alipojaribu kumbembeleza, mumewe alimpa jibu la kifundi.

"Mashine iliyozimwa hainywi dizeli," alisema. "Mimi nimelala. Wewe ndiye unayesimama kutwa nzima. Kula wewe."

Jibu lilikuwa zuri, na ubaya wa majibu mazuri ni kwamba hufunga mjadala. Jirani mmoja, mtu mwenye mdomo kuliko kazi, alikuja kusalimia akatia chumvi yake: mayai, alisema, huleta usaha kidondani. Timazi aliyapokea maneno hayo kama mtu aliyepata shahidi mahakamani, na tangu siku hiyo mayai nayo yakatoka kwenye orodha. Vijana wa kazini walipoleta machungwa na maziwa, aliwagawia wao wenyewe palepale, kila mtu fungu lake, kama anavyogawa kwenye jengo. Aliyekuja na machungwa aliondoka akilamba vidole. Mgonjwa alibaki na maganda na sifa ya ukarimu.

Mwili haudanganyiki kwa sifa. Mashavu yakabonyea, mkanda wa suruali ukatobolewa tundu jipya kwa msumari. Na siku nyuzi zilipotolewa, kidonda hakikushikana. Kilifunguka taratibu katikati ya mshono. Kingo zake zilikuwa zimepauka, na majimaji yalichuruzika yakalowesha bandeji kila zilipobadilishwa. Muuguzi wa chumba cha vidonda, mwanamke mpole ambaye kwa kawaida hakuishiwa na utani, alikitazama akanyamaza. Mke wa Timazi aliuona unyamavu ule, akasogea kukitazama mwenyewe.

Daktari aliitwa. Alibonyeza kingo za kidonda, akasoma majibu ya vipimo, kisha akavuta kiti akaketi, jambo ambalo madaktari hawalifanyi wakiwa na habari njema. Alisema kidonda hakijaingiliwa sana na vijidudu. Kilichopo ni kwamba damu imepungua, uzito umeshuka, na mwili hauna kitu cha kujengea. Kidonda kikizidi kuchimbika mpaka kwenye bamba, chuma kitaingiliwa na vijidudu pamoja na nyama, na itambidi alitoe kabla mfupa haujashika.

"Hapo, fundi, sitakuahidi mguu," alisema. "Njoo kliniki ya mwezi ujao, na uje bila kula kitu. Nikikuta hali ni hii hii, siku hiyo hiyo tunaingia chumba cha upasuaji."

Timazi alisema sawa, kwa sauti ile ile aliyotumia kupokea mzigo wa saruji. Mkewe alikuwa akiutazama ule mguu na kumwona mumewe ameketi kizingitini maisha yake yote, akiwatazama wenzake wakipanda majukwaa, na alijua kwamba mtu huyu hangeyaweza maisha hayo hata kwa mwezi mmoja.

Walipelekwa kwa mtaalamu wa lishe, mama wa makamo mwenye miwani iliyoteremka mpaka ncha ya pua na ulimi usiokawia. Hakumwuliza mgonjwa kitu. Alimgeukia mke.

"Anakula nini?"

"Anachotaka, mama."

"Na anataka nini?"

"Chai."

Yule mama akavua miwani. "Dada, wewe unafanya kazi gani?"

"Nahudumia mkahawani."

"Mteja akikwambia ameshiba, unafanyaje?"

"Nampelekea bili."

"Na huyu nyumbani akikwambia ameshiba?"

Yule mama hakungoja jibu, akaendelea bila hasira. Alieleza kwamba mtu aliyevunjika mfupa halali bure. Ndani yake kuna kazi kubwa kuliko ya jengo lolote, usiku na mchana, na mafundi wa humo hawalipwi kwa chai. Anahitaji vyakula vya kujenga mwili kila mlo, mayai, maharage, samaki, nyama ikipatikana, na maziwa kwa ajili ya mfupa. Anahitaji matunda na mboga za majani ili ngozi ishikane. Maji ya kutosha. Habari za mayai kuleta usaha akazitupa kwa mkono, kama afukuzaye nzi. Tena maumivu na dawa humfanya mgonjwa asisikie njaa, alisema, kwa hiyo njaa yake si kipimo cha kutegemea.

"Mimi naomba kitu kimoja tu," alimalizia. "Mgonjwa haulizwi uji. Ukimwuliza, unampa nafasi ya kukataa, na huyu bwana wako naona kukataa ndiyo fani yake."

Njia nzima ya kurudi mke wa Timazi aliumia moyoni. Alikuwa amedhani anampa mumewe heshima, kumbe alikuwa anampa kamba ya kujinyongea. Alijikasirikia, akamkasirikia na mumewe, na alipofika nyumbani alikuwa amekwisha kupiga moyo konde.

Asubuhi iliyofuata hakusimama mlangoni. Aliingia na bakuli la uji mzito uliotiwa maziwa na karanga zilizosagwa, mayai mawili ya kuchemsha yaliyokwisha kumenywa, na papai lililokatwa. Akaviweka kwenye stuli mbele ya mumewe, akatia kijiko mkononi mwake, akaketi ukingoni mwa kitanda.

Timazi alivitazama vile vitu. "Sikuagiza."

"Najua."

"Nimeshiba."

"Sikukuuliza."

Hakuwahi kujibiwa hivyo ndani ya nyumba yake. Alimwambia mkewe kwamba amemgeuza mtoto, kwamba yeye ni mtu mzima na anajua tumbo lake. Mkewe aliendelea kukaa, mikono mapajani, sare imepigwa pasi, macho yakiwa kwenye bakuli. Nje watu walikuwa wanapita kwenda makazini. Timazi aliwasikia, akatazama saa ya ukutani.

"Utachelewa kazini," alisema.

"Nitachelewa."

"Hujawahi kuchelewa."

"Basi leo ndiyo mara ya kwanza. Na kesho itakuwa ya pili. Nitaondoka bakuli likiwa tupu."

Hapo mkewe alikuwa ameushika mshipa wenyewe. Timazi angeweza kuvumilia njaa, maumivu na hata kukatwa mguu, lakini hangeweza kuvumilia mtu mwingine aingie matatani kwa sababu yake. Alikunja uso, akainua kijiko, akanywa uji ule kama anayekunywa dawa ya minyoo. Katikati ya bakuli akakiweka kijiko chini. 

"Kila nikimeza nahesabu," alisema. "Sijaweka hata tofali moja, nami nakula. Mtu asiyefanya kazi anakula cha nani?"

"Hiki si chako," mkewe akamjibu. "Hiki ni cha mguu. Nauletea mguu, wewe unaupitishia tu."

Timazi alimtazama, akataka kucheka, akashindwa kuamua. Akamaliza uji. Mkewe akachukua bakuli, akalisuuza, akakimbia kazini, na msimamizi wake alipomwuliza kulikoni alisema kuna mteja nyumbani amemchelewesha.

Asubuhi ilikuwa imepatiwa dawa, lakini mchana ulibaki, na mchana Timazi alikuwa peke yake na chakula kilichofunikwa na wageni wa kugawiwa. Mkewe hakukaa kitako. Alikwenda kwenye jengo wakati wa mapumziko, akawakusanya vijana, akawaeleza habari ya mguu bila kuficha. Walisikiliza wakitazama chini. Mmoja wao, mpiga lipu aliyekuwa na mzaha hata msibani, hakuwa na mzaha siku hiyo. Alikumbuka ni mara ngapi alipakua mara ya pili huku nyapara akinywa chai ya rangi.

Tangu siku hiyo watatu kati yao walikuja kila mchana na vyombo vyao vya chakula, wakaketi sakafuni, wakavifungua, kisha wakakunja mikono. Timazi aliwaambia wale. Mpiga lipu akajibu kwamba utaratibu umebadilika: sasa nyapara ndiye anayeanza, na kikosi hakigusi mpaka yeye amalize.

"Nani kabadilisha?"

"Kikosi, bosi. Tumepiga kura. Umeshindwa."

"Mtarudi kazini na njaa."

"Ndiyo hivyo. Na leo tunamwaga zege."

Alitukana kidogo, matusi mepesi ya kifundi, kisha akavuta sahani ya maharage na samaki. Wale vijana hawakula hata tonge mpaka mfupa wa samaki ulipoonekana mtupu. Kama ilimuuma kulazimishwa, ilimuuma zaidi kugundua kwamba chakula kilikuwa kitamu, na kwamba alikuwa amekikosa.

Isidhaniwe kwamba mambo yalinyooka mara moja. Alipokwenda kubadilishiwa bandeji, muuguzi alisema bado. Safari nyingine akasema bado. Mke wa Timazi alitoka, akajifungia chooni, akalia akiwa ameuma kitambaa ili asisikike, kisha akanawa uso na kupitia sokoni kununua mayai. Hakuacha. Siku mumewe alipokuwa na homa na kinywa kichungu, hakumwacha. Aliufanya uji mwepesi, akamnywesha kidogo kidogo. Siku aliponuna, alimletea akiwa amenuna. Chakula hakikungoja wapatane.

Kisha ikaja siku muuguzi alipofungua bandeji, akainamisha taa, akachelewa kuinuka. Ndani ya kidonda, kati ya kingo zilizokuwa zimepauka, nyama changa nyekundu ilikuwa imeanza kujaa. "Aha," alisema, "kumbe humu ndani kuna watu wanafanya kazi." Utani wake ulikuwa umerudi. Lakini hakutaka kuahidi kitu. Alisema neno la mwisho ni la daktari.

Siku ya kliniki ikafika. Kwa kuwa huenda angeingia chumba cha upasuaji, Timazi alikatazwa kula, na asubuhi ile stuli ilibaki tupu. Aliitazama mara mbili tatu, asijue mikono aiweke wapi. Mkewe alizunguka jikoni kwa muda, akatoka na mkoba begani, wakaondoka bila mazungumzo. Ndani ya mkoba alikuwa ametia chupa ya uji wa moto. Hakumwambia mumewe. Alijua kwamba wakimwingiza ndani, chupa ile itarudi nyumbani imejaa, naye hakujua angepata wapi nguvu za kuibeba.

Daktari aliifungua bandeji mwenyewe. Timazi alitazama dari. Mkewe alitazama uso wa daktari, maana kwa miaka mingi alikuwa amejifunza kusoma nyuso za watu kabla hawajasema. Daktari alibonyeza upande huu, akabonyeza upande ule. Ngozi ilikuwa imefika karibu kukutana. Palibakia mstari mwembamba, mkavu, wa waridi. Akatazama picha mpya ya eksirei, ambamo ukungu mweupe ulikuwa umeanza kuuzunguka mfupa pale ulipovunjika.

"Zege limeanza kushika," alisema. "Sina cha kupasua hapa. Nendeni nyumbani, mkaendelee hivyo hivyo. Ukuta huu utasimama."

Muuguzi alianza kufunga bandeji mpya, huku akimwuliza mgonjwa kama anasikia maumivu.

Timazi alikuwa amegeuza uso kwa mkewe. Macho yalikuwa yamemlowa, wala hakuyaficha. Mtu huyu aliyekaa miaka yote mwishoni mwa foleni ya chakula, aliyejifunza kusema ameshiba kama wengine wanavyojifunza kusema hodi, alisema mbele ya daktari na muuguzi, kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye benchi la nje:

"Mke wangu, nina njaa."

Lakini mkewe alikuwa ameshafungua mkoba. Uji ulikuwa tayari kwenye kikombe, mvuke unapanda, na mkono wake umeshanyooshwa kabla mumewe hajamaliza kusema. Timazi alikipokea kikombe, akanywa mpaka tone la mwisho, na hakuna aliyemwuliza kama anataka kingine, alimiminiwa tu. Kweli, mgonjwa haulizwi uji.